Usimlipe fundi pesa ya "jamu laivu" kwenye redio ya Kijapani

Ndugu, umeuliza kama umpe fundi shilingi 600,000 akuwekee ramani ya Uganda, pamoja na "jamu laivu", yaani hali ya foleni ya wakati huo huo, kwenye redio iliyokuja na gari lako kutoka Japani. Ramani, kwenye baadhi ya redio, anaweza kuiweka. Jamu hawezi, hata angekuwa fundi wa mafundi.

Mimi gari langu ni la huko huko, nalitumia tangu 2019 kusambaza vipuri Kampala, Jinja na Masaka. Siku ya kwanza nawasha, mwanamke akanisemesha: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Kesho yake tena. Kila asubuhi. Wanangu wakaikariri kuliko hata wimbo wa taifa. Jirani yangu wa Kisenyi, yeye anaagiza magari, alicheka mpaka akashika ukuta: kumbe mama anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, yaani barabara za kulipia za kwao. Mshale kwenye skrini ulikuwa umeganda bandarini Yokohama, na mimi niko taa za Nakawa nimebanwa na kamunye (daladala) tatu.

Sasa kuhusu jamu. Redio nyingi za namna hiyo zimeandikwa VICS pembeni au kwenye menyu. Huo ni mfumo wa Japani wa kutangaza hali ya barabara, ulianza 1996. Kituo chao kinakusanya habari za foleni, ajali na barabara zilizofungwa, kisha kinazirusha kwa mawimbi ya FM na kwa vinasa na virushi vilivyosimikwa kando ya barabara. Gari linapokea tu. Kwa hiyo jamu haimo ndani ya redio wala ndani ya kadi ya ramani anayochomeka fundi, imo hewani, na hewa yenyewe ni ya Japani. Ni kama kununua antena ukiwa mahali ambapo hakuna kituo kinachorusha. Hata FM ya kawaida inakusumbua, si ndiyo? Masafa yao yanaanzia 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90, ndiyo maana bila ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa ya huku yaingie kwenye redio yao, stesheni nyingi za Kampala huzipati. Wenye magari ya Uingereza wana TMC, mfumo wao wa habari za foleni, hiyo nayo inategemea matangazo ya redio ya kule. Sijawahi kuiona ikidaka chochote hapa.

Mimi nililipa, nakiri. Mwaka 2022 fundi mmoja (simtaji, bado tunakutana msikitini) akaniwekea kadi ya ramani. Kwanza alichomoa betri bila kuuliza, redio ikajifunga na kudai namba ya siri, wiki mbili nikawa naendesha kimya kimya. Ilipofunguka, nakubali, ramani ilikuwa nzuri. Mshale ulitoka Yokohama ukaja Kampala.

Halafu Mei 2023 Mto Katonga ukafurika na daraja la barabara ya Masaka likafungwa. Nilitoka alfajiri na mzigo wa breki, sina habari. Kadi inaniambia nyooka tu, nyooka, Masaka hiyo hapo. Mpigi nikaona malori yamepanga mstari, dereva mmoja akateremka kunipigia kioo: "Mzee, unaenda wapi? Hakuna barabara." Ikabidi kuzunguka Kanoni, Sembabule, Villa Maria, ndipo Masaka. Mwendo mzima ile kadi inanisihi nigeuze gari.

Baada ya hapo nikang'oa redio, nikaweka skrini ya Android. Inachukua intaneti kutoka simu yangu na inatumia ramani ile ile ya simu, yenye kijani, rangi ya chungwa na nyekundu za kuonyesha foleni. Data haili kama watu wanavyodhani. Kinachowakwamisha wengi ni antena ya GPS, kile kidude cheusi chenye sumaku. Mafundi hukitupa nyuma ya dashibodi katikati ya vyuma, halafu mshale unaruka kutoka Jinja Road hadi reli. Simama hapo hapo, mwambie akiweke juu, chini ya kioo cha mbele.

Usichanganye GPS na intaneti. Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, nilikuwa natumia simu tu, na ramani nilikuwa nimeshaipakua. Nukta ilitembea vizuri kabisa kwa sababu setilaiti hazihitaji bando. Zile rangi ndizo zilizopotea. Kwa hiyo pakua ramani ya Uganda nzima mapema, hata ukipita Mabira mtandao ukakatika hutapotea.

Hata hizo rangi usiziamini kama unavyomwamini mama yako. Zinatokana na simu za watu walioko barabarani, na simu haisemi kwa nini imesimama. Inaweza kuwa lori limekufa, inaweza kuwa msafara wa mkubwa, dakika kumi umeshapita. Kubaya zaidi ni pale pasipo na nyekundu. Jioni moja ya mvua nilipelekwa njia ya Bwaise, safi, haina doa. Nikafurahi. Nafika, maji yako magotini. Nyekundu haikuwepo kwa sababu magari yenyewe hayakuwepo. Kijana wa boda ndiye aliyenirudisha: "Ssebo, huko wanaogelea." Tangu siku hiyo mvua ikinyesha nasimama kwanza kwenye stendi ya boda, naangalia miguu yao ina matope mpaka wapi.

Kama gari lako ni jipya na lina laini yake ya simu ndani, hiyo ni habari nyingine. Muulize muuzaji, kwa maandishi, kama huduma ya foleni inafanya kazi Uganda kabla hujalipia ada.

Kwa hizo 600,000 mimi ningetafuta skrini. Kama huna haraka, nunua kishikio cha simu cha dashibodi, kwani ukiishika simu mkononi huku unaendesha, afande hakusamehe.

Yule mama wa ETC bado yupo. Kisanduku chake ni cha peke yake, kiko chini ya usukani, kuchomoa waya tu kunamnyamazisha. Tukifika getini Entebbe Expressway naye anaanza kudai kadi yake, mimi nahesabu shilingi 5,000 za tozo, na watoto nyuma wanamjibu kwa Kijapani. Wamenikataza kuuchomoa.