Dal ya mbaazi: kwa nini yako haina harufu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: chakula gani cha Kihindi tunakipenda kuliko vyote, na kwa nini dal yako, yaani mchuzi mzito wa punje za jamii ya kunde, inatoka kama uji wa manjano usio na harufu wakati umeitia vijiko vitatu vya bizari ya mchuzi. Kwangu yote mawili yana jibu moja: dal tadka ya mbaazi, ile inayomwagiwa viungo vilivyokaangwa kwenye samli. Naiweka juu ya biriani na juu ya kuku wa siagi. Kuku wa siagi anabebwa na krimu na nyanya, hata viungo vikiungua kidogo mlaji hatambui. Dal ina vitu vichache mno, kosa dogo linaonekana papo hapo, na ikipatia hakuna kinachoifikia kwenye wali mweupe.

Hivyo vijiko vitatu ndivyo vilivyoiharibu. Dal haitiwi bizari ya mchuzi. Ukimwaga unga ule kwenye maji yanayochemka haukaangiki, unabaki na ladha ya unga mbichi na uchungu wa uwatu. Harufu ya viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo kazi yote iko kwenye samli ya moto, dakika mbili za mwisho.

Kwanza mbaazi. Paketi imeandikwa tur au arhar, na ni mbaazi zilezile za Lindi, Mtwara na Babati, ila zimekobolewa na kupasuliwa. Pwani tunazila nzima, kwa nazi na mahamri. Usizichanganye na dengu zilizopasuliwa, chana dal, ambazo nazo ni za manjano lakini ni nene zaidi, zinachelewa kuiva na hazivurugiki vizuri. Ukiona punje zinang'aa, zimepakwa mafuta ya kuzuia wadudu. Hizo zioshe kwa maji ya uvuguvugu.

Kikombe kimoja, kama gramu 200, kinatosha watu wanne. Osha mara nne, loweka nusu saa, kisha tia kwenye presha kuka na vikombe vitatu vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ili povu lisizibe tundu la mvuke. Miluzi minne au mitano, zima, acha presha ishuke yenyewe. Kwenye sufuria ya kawaida hesabu dakika 40 hadi 50, na uongeze maji ya moto kadiri yanavyopungua.

Hapa wengi wanakosea: wanatia nyanya au ukwaju mwanzoni. Uchachu unakaza punje, utachemsha hadi gesi iishe na bado zitakuwa ngumu. Maji ya kisima yenye chokaa yanafanya vivyo hivyo, na mbaazi za zamani pia. Kama maji yako ni ya namna hiyo, tia magadi kidogo sana, ncha ya kijiko, maana yakizidi dal inanuka sabuni. Zikishaiva, zipige kwa upawa mpaka nusu yake isagike, tia kijiko cha chai cha chumvi, nyanya moja iliyokatwakatwa, kipande cha tangawizi, na uache ichemke taratibu dakika kumi. Iwe nyepesi kuliko unavyoitaka, kwa sababu inaganda ikipoa. Ukiongeza maji yawe yanachemka. Ya baridi yanaifanya ijitenge, maji juu na unga chini.

Sasa tadka. Ni kuunga kwetu kulekule, tofauti ni kwamba huku kunafanyika mwisho kabisa, kwenye kikaango kidogo. Vijiko vitatu vya chakula vya samli. Siyo siagi, maana siagi ina maji na mabaki ya maziwa yanayoungua kabla viungo havijaiva. Dondosha punje moja ya binzari nyembamba: ikizama na kutulia, subiri, ikichachatika na kupanda juu, tia kijiko cha chai kizima. Baada ya sekunde 20 hadi 30 imekuwa kahawia, weka pilipili kavu mbili, kisha punje tano za vitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba. Usivitangulize vitunguu saumu: vina maji, vinapoza samli, na binzari haitachachatika tena. Vikianza kuwa rangi ya dhahabu tia mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kidogo mno, kama punje ya mchele, ondoa motoni, ndipo utie nusu kijiko cha chai cha pilipili ya Kashmir ya unga. Hiyo inaungua kwa sekunde chache na kuwa chungu, kwa hiyo mwaga yote kwenye dal mara moja, funika dakika tano. Kotimiri juu. Binzari ikiwa nyeusi, mwaga samli yote uanze upya. Uchungu ule hautoki.

Garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vya kusaga? Mimi siitii. Inaifanya dal inuke kama pilau.

Wagujarati wanaipika nyepesi, kwa sukari guru, ukwaju na karanga. Ni nzuri, ila utamu ukizidi unaua mbaazi. Kusini mwa India mbaazi hizihizi zinakuwa sambar, mchuzi mchachu wa mboga, kwa haradali na kadi pata, yale majani madogo ya mchuzi, na hiyo ndiyo ninayoichagua kwa dosa, ile mikate myembamba ya mchele. Dal makhani ya choroko nyeusi na siagi ni nzito mno, kibakuli kimoja kinatosha.

Ukitaka kuhifadhi, gandisha dal kabla ya tadka. Siku ya kula, pasha na maji ya moto, halafu unga upya kwa samli mpya; tadka iliyolala usiku kucha imeshapoteza harufu yake.