Kichwa Kinachotulia Ukilala: Usikubali Kuambiwa ni Kipandauso Tu

Juzi usiku msomaji aliniandikia: "Dada, nikisimama kichwa kinapasuka, nikilala kinatulia. Wanasema ni kipandauso." Nilisoma mara tatu, mikono inatetemeka. Maneno hayohayo nilimwambia daktari miaka minne iliyopita, nikarudishwa nyumbani na vidonge.

Wiki tano nilihangaika. Asubuhi naamka mzima; nikimaliza kupiga mswaki kisogo kimeanza kuvuta. Mchana nalala sakafuni chini ya meza ya kazi, ndipo napata nafuu. Wakaniambia ni msongo wa mawazo. Hilo linaniuma hadi leo.

Aliyenisaidia ni daktari kijana wa zamu. Aliniambia nikunje kidole gumba. Kikalala bapa juu ya mkono kwa ndani, kama kilivyofanya tangu utotoni. Akanyoosha viwiko vyangu, vikapinda kwa nyuma. Hakusema kitu, akaandika MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya kichwa. Picha ilionyesha damu pande zote mbili za ubongo, tabaka jembamba chini ya utando mgumu.

Tishu unganishi ndizo zinazoshikilia ngozi, viungo, mishipa na tando za mwili. Kwa mwenye Ehlers-Danlos au Marfan, magonjwa ya kurithi yanayolegeza viungo, tishu hizo ni dhaifu, na utando unaofunika uti wa mgongo unaweza kutoboka bila hata kuanguka. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yakivuja, ubongo hauelei tena vizuri, unashuka, na vishipa vinavyouunganisha na utando vinavutwa hadi vinachanika. Damu ilikuwa kichwani, tundu lilikuwa mgongoni! Ndiyo maana hawakunipasua fuvu. Walichota damu ya mkononi mwangu, mililita 20 hivi, wakaidunga mgongoni igande izibe. Jioni ile nilikaa kitako saa nzima, nikalia kwa furaha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkieleza kichwa elezeni na viungo. Sema kama bega huteguka hovyo. Sema kama kwenu kuna aliyekufa ghafla kwa kupasuka mshipa. Wengi wenye viungo vilegevu hawatavuja damu kichwani kamwe, sitaki kumtisha mtu. Lakini ipo aina ya Ehlers-Danlos inayoshika mishipa ya damu yenyewe, na ateri ya ubongo inaweza kuvimba kama puto. Ikipasuka, maumivu hushuka kama radi, hayajali umesimama au umelala. Hapo usimwandikie mtu ujumbe, usimeze aspirini, nenda hospitali dakika hiyohiyo.

Na mkiambiwa ni mawazo, ulizeni tena. Mimi niliogopa kuonekana msumbufu, nikapoteza wiki tano. Daktari hawezi kuona kichwa kinavyobadilika ukisimama. Ni wewe wa kumwambia, kwa maneno hayohayo.

Msomaji wangu amejibu asubuhi hii. Picha atapigwa Alhamisi. Nimemwambia aonyeshe kidole gumba hata wasipomwomba.