Umeniuliza nalipwa nini

Mwanangu,

Jumapili ulinikuta na simu naandika maoni ya ile nyumba ya wageni tuliyotoka kulala, ukaniuliza, mama, hivi wanakulipa nini hao, wao wanatajirika wewe unamaliza macho bure. Sikukujibu sawasawa maana nilitaka nimalize nilichokuwa naandika kabla sijasahau. Sasa nakujibu, na wala sijakasirika baba, swali lako ni la haki.

Hela hawanipi. Google Maps wanatoa pointi, rivyu moja pointi 10, picha 5, ukivuka herufi 200 wanakuongezea 10 nyingine, unapanda levo mpaka ya 10 ambayo inataka pointi 100,000, na ukifika ya 4 wanakuwekea beji kwenye jina. Beji nilipoipata niliifurahia kweli, nikamwonyesha mpaka baba yako. Ila ukianza kuzifukuzia hizo pointi utajikuta unaandika "pazuri sana" kila unakopita, na "pazuri sana" haijawahi kumsaidia msafiri yeyote.

Nilianza hivi. Unakumbuka ile safari tuliyokwenda na bibi yako kwa ajili ya magoti yake? Tulibuku sehemu yenye nyota nne na nusu, watu wengi tu wamesifia, vitanda, wahudumu, utulivu, nikasoma zote usiku kucha na hakuna hata mmoja aliyesema kutoka barabarani mpaka mapokezi ni ngazi tupu na lifti hamna. Nilizihesabu, 14. Bibi yako alizipanda kwa makalio, kinyumenyume, moja moja, mkoba kaukumbatia mapajani, mimi nyuma yake nimemshika kwapani na watu wanapita pembeni wanatazama kwingine. Alipofika juu akajikung'uta nguo akasema haya, tumefika. Hakusema kingine mpaka asubuhi.

Usiku ule ule nikaandika. Ngazi 14, chuma cha kushikilia kipo kushoto tu, mlango wa bafu mwembamba, nimeupima kwa mkono ni shibiri tatu, kiti cha magurudumu sidhani kama kinapita. Sikuwatukana, wahudumu walikuwa watu wema kabisa na hilo nalo nikaliandika, na nikaweka picha ya ngazi niliyopiga kutokea chini, maana ukipiga kutoka juu zinaonekana chache.

Ikapita miezi, siku moja nikarudi pale kuangalia nikakuta mgeni mwingine kaandika kwamba anamshukuru aliyetaja ngazi, kwa sababu baada ya kusoma alipiga simu kwanza, akaambiwa kuna mlango wa nyuma upande wa pakingi hauna ngazi hata moja, akampitisha baba yake hapo. Yaani mlango ulikuwepo siku zote! Nililia mwanangu. Nililia kwa ajili ya bibi yako, halafu nikafurahi kwa ajili ya huyo mzee nisiyemjua, vyote kwa pamoja, sijui hata nikuelezeje. Hayo ndiyo malipo yangu unayoyauliza.

Na hilo la kampuni kutajirika ni kweli, sikubishii. Ndiyo maana siandiki huko peke yake. Kuna Wikivoyage, kitabu cha mwongozo wa safari cha mtandaoni, iko chini ya Wikimedia hao hao wa Wikipedia tangu 2013, haina matangazo na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Na kuna Wheelmap, ramani ya mtandaoni ya watu wa viti vya magurudumu, iliyoanzishwa Berlin 2010, hiyo unaipa sehemu rangi tu, kijani kiti cha magurudumu kinaingia bila shida, njano kinaingia nusunusu, nyekundu hakiingii. Inachukua dakika moja, ukiwa umesimama mlangoni.

Ulisema pia kwamba rivyu nyingi ni za uongo. Zipo, na London mwaka 2017 jamaa mmoja anaitwa Oobah Butler alikichukua kibanda cha bustanini alichokuwa anaishi, akakiandikisha Tripadvisor, tovuti ya rivyu za wasafiri, kama mgahawa, watu wakamwandikia sifa za kubuni mpaka kikawa namba moja mji mzima, na wakati huo kilikuwa hakijawahi kumlisha mteja hata mmoja. Mimi hiyo hainifanyi niache, inanifanya niandike vitu ambavyo mtu aliyekaa nyumbani hawezi kuvibuni, kama chuma kuwa upande wa kushoto. Na nyota sizitoi kwa hasira, sehemu ambayo mvua imeniharibia siku siipi nyota moja, maana kuna mtafiti, Michael Luca, alipokuwa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle kule Yelp, tovuti nyingine ya rivyu, akaona nyota moja ikiongezeka mapato yanapanda asilimia 5 mpaka 9. Hiyo ni riziki ya mtu, siichezei.

Ile rivyu ya mlango wa nyuma nilimsomea bibi yako. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, na huo mlango una kizingiti? Sikujua. Akasema basi muulize, tena kaongezee pale kwako upo upande gani, mtu akifika asianze kuzunguka na mgonjwa. Nikauliza, nikajibiwa hauna, nikaongezea.

Sasa wewe, kule walikokupeleka kikazi mwezi uliopita ulilala wapi? Kulikuwa na lifti? Kama bado una picha ya mlango wa bafu nitumie.

Mama yako