Cayenne Turbo kwa safari za kila siku Mtwara

Ndugu uliyeuliza kama Porsche Cayenne Turbo inafaa kuwa gari la kila siku hapa Mtwara, mimi ningehofia tairi kabla ya injini. Toleo la tatu, lililozinduliwa mwaka 2017, lina injini ya V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 550, nguvu ambazo hutazihitaji ukitoka Shangani kwenda Mikindani, kwa kuwa kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Rimu zake za inchi 21 huvaa tairi zenye ubavu mwembamba, na shimo moja laweza kupasua tairi na kupinda rimu kwa pamoja. Kumbuka Mei 2024, mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga: ungesubiri tairi hadi lini? Ukilinunua, tafadhali funga rimu ndogo kadiri breki zake kubwa zinavyoruhusu, uweke tairi mbili za akiba nyumbani, na uinue gari kwa springi zake za hewa kabla ya kuingia barabara ya vumbi.