Umeombwa kuwa mkuu wa idara ya sosholojia: ukubali au usubiri?

Mleta mada ni mhadhiri mwandamizi wa sosholojia. Ana shahada ya uzamivu, ana machapisho kadhaa, na sasa wenzake wanamtaka awe mkuu wa idara. Anauliza kama akikubali atapanda cheo au atazika utafiti wake. Njia hiyo nimeipita: nimekuwa mhadhiri, mkuu wa idara, amidi wa kitivo, kisha nikarudi darasani, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Ushauri wangu ni huu: subiri mpaka uwe profesa, au angalau mpaka faili lako la kuombea uprofesa liwe limekamilika. Ukuu wa idara ni madaraka, si ngazi ya taaluma. Ngazi ya taaluma inapandwa kwa machapisho, kwa wanafunzi wa uzamivu uliowasimamia wakamaliza, na kwa tathmini ya wataalamu wa nje wasiokujua hata kwa sura. Hao watasoma makala zako. Kwamba ulikesha ukipanga ratiba ya mitihani haliwahusu. Nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo, na nimeshuhudia mtu aliyeibeba idara kwa miaka akirudishiwa faili na kuambiwa aongeze makala. Inauma sana kuliona hilo, hasa ukijua makala hizo angeziandika saa zipi.

Kwa sisi wa sosholojia tatizo ni kubwa zaidi. Anayechambua takwimu za sensa anaweza kuiba saa za usiku. Lakini kama kazi yako ni mahojiano na kuishi na watu uwandani, unahitaji majuma mfululizo, na ofisi haitoi majuma. Inakupa nusu saa kati ya kikao na kikao.

Tazama waliotutangulia. Charles S. Johnson, mwanasosholojia wa Marekani, alifanya utafiti wake mkubwa juu ya familia za wakulima weusi wa Alabama, ukachapishwa 1934, na kazi zake nyingine kubwa zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1940. Urais wa Chuo Kikuu cha Fisk aliupata 1946, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuushika, na alifariki 1956 akiwa bado madarakani. Anthony Giddens, mwanasosholojia wa Uingereza, naye alikuwa ameshajenga nadharia yake kabla ya kuiongoza London School of Economics kuanzia 1997 hadi 2003. Aliendelea kuandika akiwa mkurugenzi, ila vilikuwa vitabu vifupi vya siasa na mihadhara. Albion Small, Mmarekani, alikwenda kinyume: aliacha urais wa chuo cha Colby, na 1892 akaenda Chuo Kikuu cha Chicago kuanzisha idara ya sosholojia, kisha 1895 akaanzisha jarida la fani ambalo bado linatoka. Huyo namheshimu kuliko wote.

Sasa, usinielewe kwamba kazi hii haina maana. Ina maana kubwa, na mwanasosholojia anaweza kuifanya vizuri kuliko wengi. Nilipoingia ofisini nilikabidhiwa jedwali la mgawanyo wa vipindi. Kwa saa za kufundisha, kila mtu alikuwa sawa na mwenzake. Nikachukua karatasi kubwa, nikaongeza safu mbili: idadi ya wanafunzi na idadi ya karatasi za mitihani za kusahihisha. Picha ikabadilika papo hapo. Wahadhiri vijana, wengi wao wanawake, ndio waliobeba madarasa ya mwaka wa kwanza yaliyofurika, na wanafunzi wenye shida walikuwa wanabisha hodi kwao. Sisi wakubwa tulikuwa na semina za watu wachache. Halafu tukikaa kwenye kamati tunashangaa kwa nini vijana hawachapishi!

Kikao cha kubadilisha mpango huo kilikuwa kigumu, na kuna rafiki aliyenikasirikia kwa muda mrefu. Lakini mpango mpya ulipita: karatasi za mitihani zikaanza kuhesabiwa kama kazi, na maprofesa wakaanza kupokezana somo la utangulizi. Dada mmoja pale idarani akapata muhula mwepesi, akamaliza mswada wake. Hilo ninalithamini kuliko makala zangu kadhaa.

Jua pia kwamba mengi utakayoyaona huwezi kuyaandika. Mafaili ya nidhamu, alama, barua za siri, vyote hivyo umeviona kwa dhamana ya ofisi, si kwa ridhaa ya wahusika. Si data yako.

Ukiamua kukubali, pata kwa maandishi tarehe ya kumaliza muhula wako wa uongozi na likizo ya utafiti itakayofuata. Usiache kufundisha kabisa. Mimi nilibaki na somo la mbinu za utafiti na siku moja ya juma ambayo sikupokea vikao. Uamidi ni kazi nyingine tena: pale unasimamia bajeti na unaamua kati ya idara, huwezi tena kuisemea sosholojia peke yake. Na ukipanda hadi unaibu makamu mkuu wa chuo, kurudi kwenye utafiti ni kugumu mno.

Niliporudi, fani ilikuwa imesogea. Wanafunzi wangu wa uzamivu walikuwa wanataja kazi ambazo sikuwa nimezisoma, nikaanza kuhudhuria semina zao na kusoma pamoja nao. Ilichukua muda, lakini niliifurahia.

Kabla hujawajibu wenzako, omba jedwali la vipindi la miaka ya karibuni na kumbukumbu za vikao vya idara, uzisome zote. Wakisita kukupa, waulize sababu kabla hujasaini chochote. Ukishaziona, rudi hapa utuambie ulichokuta.