Lenzi ya kamera imeanguka, je waranti itasaidia?
Pole sana ndugu. Umeuliza kama waranti inashika lenzi iliyodondoka toka kwenye boda hapo Wandegeya, Kampala, aisee kwa kawaida hapana, waranti ni ya kasoro za kiwandani, kuanguka unalipa mwenyewe. Yangu iliangukia Jinja, ringi ya fokasi (ile unayozungusha picha iwe kali) ikawa inakwaruza kama ina mchanga ndani, nikawaandikia huduma kwa wateja wa kampuni ya lenzi wakataka risiti, ile namba iliyochapwa kwenye lenzi na picha za pale ilipobonyea. Ulizia bei ya kutengeneza KABLA hujatuma, na nauli ya kuirudisha pia, mimi hapo ndo nililia. Filta na kifuniko baki navyo. Halafu usimpe fundi simu aifungue kwanza, wakikuta skrubu zimeguswa wanaweza kukukatalia kabisa.