Usimuulize Kinyozi Mshahara

Hojaji yangu ya kwanza ya kupima gharama za biashara za huduma ilikuwa na kurasa tisa, na mezani ilipendeza kweli. Niliipanga kama mhasibu anavyopanga vitabu vyake: mishahara, kodi, stima na maji, ukarabati, leseni. Kisha nikaibeba mwenyewe hadi kwa kinyozi mmoja mtaani Umoja, Nairobi, nione itakavyokwenda.

"Wafanyakazi wako unawalipa mshahara kiasi gani kwa mwezi?"

"Hapa silipi mtu mshahara, bosi."

Nikaandika sufuri. Nyuma yake vijana watatu walikuwa wananyoa.

Ilibidi chai iletwe ndipo nikaelewa. Kichwa kimoja ni shilingi 150. Kijana aliyenyoa anabaki na 60, mwenye kiti anachukua 90. Kwake huko ni kugawana, wala si kulipa. Lakini kwa mtu anayepima gharama, hizo 60 ndizo pesa nyingi kuliko zote zinazotoka pale ndani, nami nilikuwa nimeziandika sufuri kwa mkono wangu.

Swali la pili likaniaibisha zaidi. "Kodi ni ngapi?" Huyu akanitajia pesa za chumba. Jirani yake, fundi wa simu, alisikia kodi ya serikali, akanikazia macho na kuniuliza kama nimetumwa na KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Neno moja, gharama mbili tofauti, na mahojiano yakaishia hapo. Siku hizi nauliza, "Mwenye jengo au ajenti wake unampa pesa ngapi?" Hakuna anayekosea.

Kutoka hapo niliacha kuuliza kwa majina ya vitabuni. Swali ninalofungulia sasa ni hili: "Wiki iliyopita, nani alikuja hapa akaondoka na pesa?" Utashangaa orodha inavyojaa. Kijana wa mitungi ya maji. Wa takataka. Mlinzi wa usiku anayelipwa na maduka ya mstari mzima. Fundi aliyenoa mashine. Wengi wa hao hawana risiti na hawana kisanduku kwenye hojaji ya kawaida. Wapo pia wanaopewa kitu kidogo ili mlango ubaki wazi. Hao usiwaulizie kwa jina. Weka mstari wa "malipo mengine yasiyo na risiti" na umwache mtu aseme anachotaka kusema.

Mwache pia ajibu kwa kipimo chake. Chumba hulipwa kwa mwezi, maji kwa mtungi, leseni ya kaunti kwa mwaka, tokeni za stima kila zinapokata. Ukimlazimisha ageuze yote kuwa ya mwezi, atakutajia tu namba ya kukufukuza. Andika kiasi na kipindi, hesabu utazifanya wewe jioni. Kwa tokeni, mwombe afungue meseji za simu ahesabu mwenyewe. Simu ya mfanyabiashara wa Nairobi ndiyo daftari lake. Usiishike wewe. Gudwili, yaani pesa za kuachiwa nafasi, aliyotoa kuingia kwenye kibanda ilitoka mara moja, kwa hiyo uliza na mwaka aliotoa, ili uigawe kwa miaka.

Gharama inayopotea kirahisi kuliko zote ni ya mwenyewe. Mama wa saluni anasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na ukimuuliza thamani ya kazi yake anacheka. Muulize, "Ukiugua mwezi mzima, mtu wa kukushikia hapa ungempa ngapi?" Hapo hacheki, anapiga hesabu kwa vidole.

Sasa, utamhoji nani? Ukichukua orodha ya wenye leseni peke yake umeshapotea. Utafiti wa biashara ndogo uliochapishwa na KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya, mwaka 2016 ulikadiria biashara milioni 1.56 zenye leseni na milioni 5.85 zisizo nayo. Mimi nachagua mitaa kwanza, kisha makarani wanatembea na kuandika kila mlango kabla ya kuchagua wa kuhojiwa. Wapande na ngazi. Jengo moja la River Road linaloonekana kama duka moja kutoka barabarani linaweza kuwa na mafundi cherehani, saluni na mafundi simu orofa nne juu, kila mmoja kwenye kibanda cha kuta za mbao.

Mengine ni mafupi. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, si Jumamosi. Mteja akiingia, nyamaza. Usitumie mwezi wa Desemba kukisia mwaka wa saluni. Eleza mapema data itatumikaje na nani ataiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai hivyo, na mtu akijua anazungumza. Na kwenye programu ya simu ya kuandikia majibu tenga "sufuri", "sijui" na "sitaki kusema", kwa sababu zikishachanganyika hakuna fundi wa takwimu atakayezitenganisha.

Ile ya kurasa tisa sasa ni kurasa tatu. Nilirudi nayo Umoja, kwa kinyozi yule yule. Alijibu yote huku akimnyoa mtoto, na tulipofika kwenye mgao wa vijana akasimamisha mashine: "Andika 70. Tangu mwezi jana wamenipandishia."